Kijaluba cha Java: nakshi ya kale si ushahidi

Ukionyeshwa kijaluba cha shaba kutoka kisiwa cha Java, kizito, chenye mfuniko na nakshi pande zote, ukaambiwa kuwa ni chombo cha tumbaku cha zama za ufalme wa Majapahit, karne ya 14, utaamini? Wengi huamini, wakatoa pesa nyingi, na baadaye wakagundua kwamba walinunua maneno.

Kabla hujafungua mkoba, kumbuka tarehe tatu. Tumbaku asili yake ni bara la Amerika, na Wazungu waliiona huko kwa mara ya kwanza mwaka 1492. Kumbukumbu za Wajawa huutaja mwaka 1601 kuwa ndio ilipofika kisiwani kwao. Majapahit nayo iliasisiwa mwaka 1293 na kuanguka mwanzoni mwa karne ya 16. Basi fundi wa Majapahit angetengenezaje chombo cha kutilia kitu asichokijua?

Muuzaji mjanja atajitetea kwamba kijaluba kilikuwa cha matumizi mengine, tumbaku ikatiwa baadaye. Hilo lawezekana, lakini mwambie akuthibitishie.

Jamaa ya tambuu

Watu wa Pwani hawatashangaa, kwani uraibu wa tambuu, popoo, chokaa na katu wanaujua. Wajawa nao wana seti yao, iitwayo kinangan: sinia au sanduku lenye vikopo vya kila kitu, pamoja na chombo cha kukatia popoo. Tumbaku ilipoingia, ilipata nafasi yake humo. Kwa hiyo kijaluba kilicho peke yake leo huenda kilitengwa na wenzake. Kitazame kama kimeandamana na vingine vyenye nakshi ya aina moja.

Kusoma nakshi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Nakshi hukueleza fundi alirithi nini, haikuelezi alifanya kazi lini.

Uso wa zimwi lenye macho ya kutumbua ni Kala, ambaye huchongwa juu ya milango ya mahekalu. Katika mahekalu ya Java ya Kati, kama Borobudur ya karne ya 9, kwa kawaida hana taya la chini. Katika yale ya Java ya Mashariki, taya huonekana. Ua la yungiyungi pia latoka enzi za Wahindu na Wabudha.

Mtu anayeonekana kwa ubavu, mwenye pua ndefu na mikono myembamba mirefu, ni wa wayang, mchezo wa vivuli vya vikaragosi vya ngozi. Mawingu yaliyopangwa tabaka kwa tabaka ni alama ya mji wa Cirebon, na yana athari ya Kichina.

Uislamu ulipoenea, mafundi hawakuutupa urithi huo. Msikiti wa Mantingan, karibu na Jepara, uliojengwa mwaka 1559, una mawe yaliyochongwa majani ambayo, ukiyakazia macho, hufanya umbo la mnyama. Usishangae basi kukuta mnyama aliyefichwa katika majani ya kijaluba.

Nakshi zote hizi zinatumika hadi leo. Huko Trowulan, palipokuwa na mji mkuu wa Majapahit, mafundi wa siku hizi husubu shaba kwa mtindo wa kale: huunda umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, huchoma mpaka nta ikatoka, kisha humimina shaba. Kazi yao ni halali na ya kupendeza. Kosa ni la anayeiuza kama ya mababu.

Geuza, funua, gusa

Sasa kiache kinachopendeza macho, utazame kilichochakaa. Chombo kilichoshikwa miaka mingi hulika pale vidole vinapogusa: ncha za mfuniko, mdomo, na ukingo wa kitako. Nakshi iliyo juu hulainika, ya mashimoni hubaki kali. Kikiwa kimechakaa sawasawa kila mahali, pengine kimesuguliwa makusudi. Kutu ya kijani inayotoka kwa ukucha nayo itilie shaka, kwa kuwa yaweza kuwa imepakwa.

Ukikipata cha kweli, usikisugue kwa dawa ya kung'arisha. Rangi ile nyeusi ya mashimoni ni umri wake, na ukiiondoa hairudi. Kipanguse kwa kitambaa laini kikavu.

Mwisho, uliza kilivyotoka Indonesia. Sheria ya nchi hiyo Namba 11 ya mwaka 2010 inakataza kutoa nje vitu vilivyotambuliwa kuwa urithi wa taifa bila kibali. Asiyeweza kueleza njia ya kijaluba chake, hata kama ni cha kale kweli, mwachie mwenyewe. Huenda anauza kilichoibwa kwa watu ambao bado wanakililia.