Meza na Ghala: Utata wa Neno "Kumbukumbu" katika Michezo ya Tarakilishi

Mchezo wa tarakilishi unapokwama, mchezaji wa Nyeri au Nanyuki huambiwa kwamba "kumbukumbu imejaa", naye huenda kununua diski kubwa zaidi. Chanzo cha kosa hili ni neno lenyewe, kwani hutumiwa kutajia vitu viwili tofauti. Chukua mfano wa mchuuzi wa soko la Karatina: meza yake ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilhali ghala lake ni diski. Mchezo ukiijaza meza, tarakilishi hulazimika kupeleka sehemu ya data ghalani na kuirejesha inapohitajika. Kwa vile diski husoma polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu, picha hukatikakatika. Aidha, tarakilishi isiyo na kadi yake ya michoro humega meza hiyohiyo kwa ajili ya picha. Anayeongeza ukubwa wa diski, basi, amepanua ghala tu. Yafaa kwanza afunge programu nyingine, kwani mshika mbili moja humponyoka. Isipotosha, aongeze kumbukumbu. Nao wanaistilahi wangeitenga "kumbukumbu" na "hifadhi", wangemwokolea mnunuzi fedha zake.