Mabao ya Septemba na punje ya dhahabu

Msomaji wetu mmoja wa Kahama anashabikia timu mbili kwa mpigo: Stand United kwa sababu ya kuzaliwa, Geita Gold kwa sababu ya kazi. Ametuuliza hivi. Kila ligi ya Championship inapoanza hujitokeza kijana ambaye hakuna aliyemjua, anafunga mabao manne katika mechi nne, na vijiweni wanaambizana kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Ikifika Februari kijana yuko benchi. Je, sayansi ina njia ya kumjua mapema yupi ni wa kweli?

Inayo, na kinachonifurahisha ni mahali ilikotoka. Sehemu kubwa ya jibu ilifukuliwa migodini, kwa watu waliokuwa wakitafuta dhahabu na wala si washambuliaji.

Wastani ni nini, sitaeleza. Aliyewahi kubishana kuhusu msimamo wa ligi anaujua. Nianze na kumbukumbu za Shinyanga, nyumbani kwa Stand. Septemba 2018, kwenye Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, Alex Kitenge wa Stand United aliifunga Yanga mabao matatu peke yake, katika mechi ambayo Yanga walitoka na ushindi wa 4-3 huku wakitweta. Mabao matatu, ugenini, kwa Yanga, msimu ukiwa bado mchanga! Msimu ulipokwisha, kiatu cha dhahabu kilikuwa mguuni mwa Meddie Kagere wa Simba kwa mabao 23, na Stand, Chama la Wana, walikuwa wameshuka daraja. Miaka mitatu kabla ya hapo Elias Maguli alikuwa mchezaji wa Stand hiyo hiyo alipoifungia Taifa Stars dhidi ya Algeria, Novemba 2015, matokeo yakawa sare ya 2-2. Kiatu cha msimu ule alikivaa Amissi Tambwe wa Yanga, mabao 21. Sisemi Kitenge na Maguli walibahatisha. Nauliza tu: mabao machache ya mwanzo yana uzito kiasi gani kwenye mizani?

Sasa tuingie mgodini.

Danie Krige alikuwa mhandisi wa migodi Afrika Kusini, kwenye ukanda wa Witwatersrand. Kule mwamba uligawanywa katika mapande makubwa, na kabla ya kuamua pande lipi lichimbwe na lipi liachwe, wapimaji walichukua sampuli pembezoni mwake. Pande ambalo sampuli zake ni tajiri linachimbwa, maskini linaachwa. Hakuna utaratibu ulio wazi kuliko huo. Lakini mwaka baada ya mwaka mambo yalikwenda upande mmoja tu: mapande yaliyosifiwa sana na sampuli yalitoa dhahabu pungufu yakifika kiwandani, na yale yaliyodharauliwa, kila yalipochimbwa, yalitoa zaidi ya ilivyotarajiwa. Kwa yeyote anayeyajua maduara ya Geita, mtu wa kwanza kushukiwa hapo ni mwizi. Krige, katika maandishi yake ya mwaka 1951, alionyesha kwamba hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na hesabu.

Itazame kwa karibu, maana hapa ndipo pana utamu. Mwamba unatobolewa, jiwe linalotoka linapondwa, linasagwa, na mwishowe gramu 50 hivi za unga wake ndizo zinazoyeyushwa maabara. Tuseme humo imeponyoka punje moja ya dhahabu yenye upana wa milimita moja. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, kwa hiyo punje hiyo ndogo ina uzito wa miligramu 10. Miligramu 10 ndani ya gramu 50 ni sawa na gramu 200 kwa kila tani ya mwamba. Mgodi mkubwa wa shimo la wazi unafanya biashara nzuri kwa gramu mbili au tatu kwa tani! Karatasi ya maabara ikirudi na 200, mtu anaweza kuagiza gari jipya. Na kama tobo lingepita sentimita chache kando, punje ingebaki ukutani na karatasi ingesoma karibu na sifuri. Mwamba ni ule ule. Kusaga nako hakusaidii kama unavyodhani, kwa kuwa dhahabu haivunjiki kama jiwe. Ukiiponda inabanjuka tu na kuendelea kuwa punje.

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu hahitaji kusomewa hili. Anatwanga jiwe moja, analiosha kwenye karai, linang'aa hadi watu wanaitana. Kisha viroba vya mawe hayo hayo vinakwenda karasha, vinarudi na matokeo ya kawaida. Wataalamu wanaiita athari ya punje. Baadaye Mfaransa Georges Matheron aliijengea nadharia nzima na kuipa njia ya kukadiria jina la Krige, na leo migodi duniani kote inakadiria utajiri wa miamba yake kwa hesabu za ukoo huo.

Msomaji wa Kahama ameshaona ninakoelekea. Mchezaji ni pande la mwamba. Mechi ni sampuli. Bao ni punje: adimu, zito, na linaweza kuingia kwenye sampuli au kupita kando kwa sentimita chache, tena sentimita za kweli, za mwamba wa goli. Msimu mzima ndio kiwanda. Tunapofungua orodha ya wafungaji mwezi Septemba tunafanya kosa lile lile la wachimbaji wa Witwatersrand: tunaokota sampuli zinazong'aa, halafu tunaamini kila kinachong'aa ndani yake ni cha mwamba.

Ukubwa wa kosa hilo tunaweza kuukokotoa. Championship ina timu 16. Tuipe kila timu washambuliaji wanne, jumla 64, kisha tuwafanye wote kuwa sawa kabisa, kila mmoja na uwezo wa kufunga bao moja kwa kila mechi nne. Hakuna nyota hata mmoja, hakuna galasa hata mmoja. Wachezeshe mechi nne. Hesabu ya bahati tupu, ile iliyoachwa na Mfaransa Poisson, inasema 23 au 24 kati yao hawatakuwa na bao, idadi kama hiyo watakuwa na moja, 12 watakuwa na mawili, wanne watakuwa na matatu. Na mmoja hivi atakuwa na manne au zaidi. Huyo ndiye wa picha gazetini. Kocha atahojiwa namna alivyomgundua, mwalimu wake wa shule ya msingi atatafutwa, na sisi tuliomuumba hapa kwenye karatasi tunajua hana chochote cha kumzidi jirani yake.

Katika maisha washambuliaji hawalingani, bila shaka. Ndiyo maana haitoshi kusema ni bahati tukaondoka. Tunahitaji kipimo cha bahati na kipimo cha uwezo ndani ya bao lile lile. Njia ni fupi ajabu. Chukua mabao ya kijana, ongeza matano. Chukua mechi zake, ongeza 20. Gawanya. Hizo 20 ni mechi ambazo hakucheza, tumemwandikia kwa kiwango cha mshambuliaji wa kawaida, bao moja kila mechi nne, ndipo yakatoka yale matano. Vitabu vya takwimu vinatumia jina la Kiingereza lenye maana ya kusinyaa, nami silipendi, kwa sababu aliye chini hasinyai, anapandishwa. Mimi naziita mechi hewa. Nchi iliyohakiki watumishi hewa haitahitaji maelezo zaidi.

Kijana wetu wa mabao manne, basi: manne na matano ni tisa, nne na 20 ni 24, tisa kwa 24 ni 0.375. Zimebaki mechi 26 kati ya 30, kwa hiyo tutegemee mabao 10 mengine hivi, jumla 14. Kijiwe, kwa hesabu yake ya bao kila mechi, kinamsubiria 30. Mwaka 2022 George Mpole wa Geita Gold alitwaa kiatu cha dhahabu cha Ligi Kuu kwa mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, na Geita wakamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kumi na saba yalitosha kwa mji mzima kulala mtaani. Anayengoja 30 anamwonea mtoto wa watu.

Na mwenzake ambaye mechi nne zimepita hana kitu? Sifuri na matano ni matano, gawanya kwa 24, zidisha kwa 26: mabao matano hivi yanakuja. Kocha anayemtupa benchi mwezi Septemba anaacha pande la mwamba ambalo sampuli yake ilipita kando tu.

Namba 20 nimeiweka mimi kwa mfano. Ya kweli inapatikana kwa kuangalia washambuliaji wa ligi wanavyotofautiana msimu hadi msimu: wakitofautiana sana, mechi hewa zinapungua, wakifanana, zinaongezeka. Umri wa kwenye karatasi na umri wa kwenye magoti, majeraha, kocha kutimuliwa, uwanja wa vumbi, safari ya basi ya siku mbili: ndiyo, vyote vina nguvu. Tuendelee.

Waliolifikisha jambo hili kwenye michezo ni Wamarekani, kupitia besiboli. Kule kila klabu kubwa ina timu zake ndogo za kulelea vijana, na ikifika Aprili mashabiki wanafuatilia majina ya watoto hao kwa homa ile ile ya msomaji wetu. Mwaka 1977 wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris waliandika makala ambayo bado inasomwa. Walichukua wachezaji 18 wa ligi kubwa za msimu wa 1970 na kutazama mara 45 za kwanza za kila mmoja kusimama kupiga. Kileleni alikuwa Roberto Clemente: amefanikiwa mara 18 kati ya 45, yaani 400 kwa elfu, kiwango ambacho karibu hakuna anayekifikisha mwisho wa msimu. Wakawavuta wote 18 kuelekea katikati yao, kisha wakalinganisha na yaliyotokea miezi iliyobaki. Makosa ya jumla ya utabiri yalipungua zaidi ya mara tatu kuliko kuamini namba za mwanzo zilivyo.

Ila Clemente mwenyewe aliiumbua hesabu. Ilimvuta hadi chini ya 300. Yeye akamaliza sehemu iliyobaki ya msimu kwa 346. Alishuka kutoka 400, kama ilivyosemwa, lakini si kwa kiasi hicho. Hesabu haikuambiwa kwamba huyu alishakuwa bingwa wa wapigaji wa ligi yake mara nne, basi ikamvuta kama mtu yeyote aliyeokotwa njiani. Kosa halikuwa kwenye kuvuta, lilikuwa kwenye katikati iliyochaguliwa. Krige angelitambua mara moja: pande lililo katikati ya mapande tajiri hulikadirii kwa wastani wa mgodi mzima, unaangalia majirani zake. Mshambuliaji mwenye misimu mitano Ligi Kuu hahitaji mechi hewa, anazo mechi zake za kweli nyuma yake. Kijana aliyetoka ndondo juzi hana majirani. Huyo ndiye wa kupewa wastani wa ligi, hata kama anatukera kwa kufunga tena Jumamosi.

Kama punje ni adimu mno, mpimaji mwenye akili anachukua sampuli kubwa zaidi au anapima kitu kilicho kingi kuliko dhahabu yenyewe, madini yanayotembea nayo. Kwenye mpira kitu hicho ni shuti. Kwa makadirio ya jumla shuti moja kati ya kumi ndilo linaloingia wavuni, kwa hiyo mechi nne zinazokupa mabao mawili au matatu zinaweza kukupa mashuti 20 ya kutazama. Championship haina mtambo wa kuyahesabu yote na kuyachapisha kila Jumatatu, lakini daftari la shilingi mia kadhaa linatosha. Kaa kwenye uwanja wa Kambarage au wa Nyankumbu, upande wa goli, andika kila shuti la kijana, ndani ya boksi au nje, na dakika alizocheza. Penalti ziandike ukurasa wake. Hizo zinakueleza imani ya kocha kuliko mguu wa mchezaji. Kijana mwenye mabao manne kwa mashuti matano ya mbali ni karai linalong'aa. Mwenye bao moja kwa mashuti 16 ya ndani ya boksi, huyo nenda kamwangalie tena, hata kama mashabiki wanamzomea.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kahama, ukilazimishwa kuweka dau leo, mweke wa mabao manne. Mechi hewa hazimfuti: 10 yanayotarajiwa ni mengi kuliko matano ya mwenzake. Kwa namba hizo hizo za mfano, hata mfungaji bora wa mabao 17 katika mechi 30 tungemtarajia 13 msimu unaofuata, na klabu inayolipia 17 inapaswa kulijua hilo kabla ya kusaini. Ushahidi wa mchezaji mwenyewe unalingana uzito na mechi hewa akishafikisha mechi 20. Bahati mbaya dirisha dogo la usajili hufunguliwa ligi ikiwa katikati, mechi kama 15, kwa hiyo viongozi wananunua wakati mizani bado imeelemea upande wa hewa. Mwenye daftari la mashuti anaweza kuwatangulia kwa wiki kadhaa, na bei ya kijana wa bao moja wakati huo itakuwa ya chini.