Mzio wa Chakula (3): Usimnyime Mtoto kwa Kudhania

Oktoba 2025 madaktari wa watoto wa Philadelphia, Marekani, walitangaza habari njema. Mzio wa karanga kwa watoto wadogo nchini humo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 40 baada ya ushauri wa kuwaanzishia karanga mapema kupanuliwa mwaka 2017. Mzio ni nini, na unatofautianaje na tumbo lisiloweza kusaga sukari ya maziwa, tulikwisha kuyaona katika makala mbili zilizopita, kwa hiyo sitayarudia. Leo ninalo jambo moja linaloniuma: watoto kunyimwa chakula kwa kudhania tu.

Tuanzie Breslau, mji ambao siku hizi ni Wrocław wa Poland. Mwaka 1921 daktari Heinz Küstner wa huko alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa. Akila tu, huanza kuwashwa na kutokwa na vipele. Mwenzake, Carl Prausnitz, alikula samaki bila tabu yoyote, ila chavua za nyasi ndizo zilizomtesa. Basi yakachukuliwa majimaji ya damu ya Küstner, akadungwa Prausnitz kwenye ngozi. Kesho yake wakadunga rojo jepesi la samaki pale pale. Ngozi ikawasha, ikavimba, ikawa nyekundu, na pembeni yake pasiwe na kitu. Prausnitz alikuwa ameazimwa mzio wa mwenziwe! Ilidhihirika kwamba ndani ya damu kuna kitu kinachobeba mzio, ingawa hakuna aliyekijua. Miaka 45 ikapita kabla Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, wakiwa Denver, hawajakitambua: ni kingamwili iitwayo IgE, ambayo leo hupimwa hospitalini.

Nimewapenda watu hawa tangu ujana wangu, kwa kuwa hawakukisia. Prausnitz aliitoa ngozi yake mwenyewe ili jambo lithibitike.

Sasa tazameni waliokuja baadaye. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wazazi kwamba mtoto aliye katika hatari ya kupata mzio asipewe karanga mpaka atimize miaka 3. Ushahidi wa ushauri huo ulikuwa haba, na mzio haukupungua. Gideon Lack, daktari wa London, aliona kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga karibu mara 10 kuliko wenzao wa Israeli, ambako watoto wachanga hupewa vitafunio vya karanga. Hakuridhika na kuona tu. Yeye na wenzake wakachukua watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, nusu wakalishwa karanga, nusu wakazuiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2015: walipofika miaka 5, waliozuiwa walikuwa na mzio kiasi cha asilimia 17, waliolishwa asilimia 3 tu. Kwa wengi wa watoto hao, mwili ulijifunza kukipokea chakula kwa kukila.

Huku kwetu kosa lina sura nyingine. Mtoto ametokwa na vipele mara moja, jirani anasema ni mayai. Bibi anaongeza samaki. Wiki ya pili maziwa nayo yanapigwa marufuku, na mtoto anabaki na uji wa sembe usio na kitu. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta waliandika habari za mtoto wa miezi 22 mwenye ukurutu, aliyedhaniwa kwamba maziwa hayamfai, akawa ananyweshwa kinywaji cha mchele. Alipata kwashakoo, katika nchi tajiri kuliko zote. Tanzania, ambako utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, haina yai la kumnyima mtoto bila sababu.

Mzio wa kweli upo, na unaweza kuua. Mtoto anayevimba midomo au kubanwa na pumzi baada ya kula akimbizwe hospitali. Hata kipimo cha ngozi peke yake hakitoshi, daktari hukilinganisha na yaliyompata mtoto. Ikithibitika ni maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi si dawa, kwa sababu protini zake zinafanana. Anyonyeshwe, na akishafika miezi 6 aongezewe mayai, dagaa, nyama, maharage, kila kisichomdhuru. Mwenye ukurutu mkali apimwe kabla ya kuonjeshwa karanga. Asiye na tatizo apewe zilizochambuliwa vizuri, zile zenye ukungu na zilizosinyaa zikitupwa kwa kuogopa sumukuvu, kisha zikakaangwa, zikasagwa laini na kukorogwa ndani ya uji. Karanga nzima humpalia mtoto mdogo. Na uzito wa mtoto aliyeondolewa chakula fulani ufuatiliwe kliniki kila mwezi. Mstari kwenye kadi ukilala, chakula alichopunguziwa hakijapata mbadala.

Akina mama na akina baba, kabla hamjaondoa yai au maziwa kwenye sahani ya mtoto, mpelekeni kwanza akapimwe. Na daktari akisema chakula hicho kiondolewe, msitoke chumbani mwake kabla hajawaambia mtampa nini badala yake.