Kabla ya Kulipa kwa Kompyuta ya Shule, Uliza Hili

Unaomba mkopo wa HELB au unaingia eCitizen kwa kompyuta ya pamoja ya shule au chuo hapa Eldoret? Hebu uliza kwanza: nani anaruhusiwa kuweka programu kwenye hiyo mashine?

Kama ni kila mtu, basi yeyote anaweza kupakua programu inayonasa kila herufi unayoandika. Nywila yako inaenda hivyo tu, bila wewe kujua.

Dawa ipo. Kwenye Windows, mwalimu abaki na akaunti ya msimamizi, wanafunzi watumie akaunti ya kawaida. Mtu akitaka kubadilisha mfumo, kompyuta itadai nywila ya mwalimu. Programu ndogo ndogo bado zinaweza kupenya, ndiyo maana shule zingine hutumia Deep Freeze: ukizima na kuwasha tena, kila kilichoongezwa kinafutika.

Nawe timiza yako:
- Usikubali kompyuta ihifadhi nywila.
- Ukimaliza, toka kwenye akaunti.
- PIN ya pesa iandike kwa simu yako pekee. Tovuti ikikuomba PIN hiyo kwenye kompyuta, funga. Huo ni wizi.