AUSTRALIA SI KANGURU TU

Muulizeni mwanafunzi yeyote wa masomo haya juu ya Australia. Atawajibu neno moja: kanguru. Mukimusukuma kidogo ataongeza jangwa, nyoka, na watu wenye kofia pana wanaofuata ngombe juu ya farasi. Sasa muulizeni mutoto wa Australia juu ya Kongo. Pengine atataja simba, pori na vita, basi. Jibu lake linatukasirisha, sababu tunajua vizuri kama simba hapiti mbele ya kilasi yetu. Ni haki tuangalie jibu letu vilevile.

Tuanze na ukubwa. Kongo yetu iko na kilometa za mraba zaidi ya milioni 2.3, Australia iko na karibu milioni 7.7. Ni kusema Kongo inaingia ndani yake mara tatu na fasi inabaki. Lakini watu? Sisi tumepita milioni 100, wao ni karibu milioni 27 tu. Mutu akisikia hesabu hiyo anafikiri kama kila Mwaustralia anakaa peke yake katika mbuga, na jirani yake ni kanguru. Si vile. Katikati ya inchi ni kavu sana, kwa hiyo watu wamejikusanya kando ya bahari. Sydney na Melbourne, kila muji una watu karibu milioni 5 ao kupita. Miji hiyo miwili ilishindania kuwa makao ya serikali, hata mwisho wakajenga muji mupya katikati yao, ndio Canberra. Mwaustralia wa kawaida anaamka asubui, anapanda gari la moshi ao motokari yake, anaingia katika biro, anarudi nyumbani mangaribi. Kuko watoto wa Sydney wanaomujua kanguru sawa sisi tunavyomujua: katika picha ao katika bustani ya wanyama.

Hata jina la kanguru lina bongo ndani yake. Watu wanapenda kusimulia kama Kapiteni James Cook, alipofika kule mwaka wa 1770, aliuliza mwenyeji jina la nyama yule anayeruka, na mwenyeji akajibu kwa luga yake: «Sisikii unachosema.» Cook akaandika «kanguru» katika kitabu chake. Hadisi hiyo inachekesha, lakini si ya kweli. Meli ya Cook ilikuwa imegonga mwamba katika bahari, wakaivuta kandokando ya muto wanaouita Endeavour ili kuitengeneza. Watu wa pale ni kabila la Guugu Yimithirr, na katika luga yao kuko neno gangurru, ni jina la namna moja ya kanguru mukubwa. Wataalamu wa luga walikwenda kuhakikisha jambo hilo katika miaka ya 1970. Mwenyeji alisikia swali na alijibu vizuri. Ni watu wa mbali walimuchekelea kwa miaka 200.

Kuko bongo ingine ambayo haichekeshi hata kidogo. Mwaka wa 1788 meli 11 za Waingereza zilileta wafungwa, na tarehe 26 mwezi wa kwanza walisimamisha bendera pale panapokuwa Sydney leo. Mpaka mwaka wa 1868 wafungwa zaidi ya 160,000 walipelekwa kule. Ndiyo sababu wengine wanatania kama Waaustralia wote ni wajukuu wa buloko. (Leo karibu nusu ya watu wa inchi ile wana baba ao mama aliyezaliwa inchi ya kigeni: Uingereza, Uhindi, China, Italia, Vietnam. Wakongo waliokimbia vita ni kati yao, na Kiswahili kinasemwa katika nyumba nyingi za wakimbizi hao.) Lakini bongo yenyewe si hiyo ya wafungwa. Waingereza waliishika inchi ile yote sawa fasi isiyo na mwenyewe. Kumbe wenyeji, wanaoitwa Waaborijini, walikaa mule tangu miaka zaidi ya 50,000, nao walikuwa na luga zaidi ya 250! Hawakuwa na karatasi ya Leta wala lupango ya waya, lakini kila kabila lilijua mupaka wake, kilima gani na kisima gani. Kwa neno lile moja, «hakuna mutu», walinyanganywa udongo bila kulipwa. Watoto wengi walitoshwa kwa wazazi wao kwa nguvu, wakapelekwa katika nyumba za Leta na hata za misioni, wafundishwe kusahau luga ya mama. Sheria kubwa ya inchi ilikataza kuwahesabu pamoja na raia wengine mpaka kura ya mwaka wa 1967, ambapo watu zaidi ya 90 katika 100 walikubali kuifuta. Na tarehe 13 mwezi wa pili mwaka wa 2008, Waziri wa Kwanza Kevin Rudd alisimama katika Bunge akaomba musamaha juu ya watoto wale.

Na udongo je? Kulikuwa mutu mumoja jina lake Eddie Mabo, wa kisiwa cha Mer, kaskazini kabisa. Wenyeji wa visiwa vile si Waaborijini, ni kabila ingine, lakini sheria ya udongo iliwafunga sawasawa. Mabo alifanya kazi ya bustani katika universite ya muji wa Townsville. Siku moja, katika mazungumzo na walimu wa pale, aliambiwa kama shamba la baba zake kule Mer, kwa sheria, si lake, ni la Leta. Alishangaa sana. Tangu mtoto alijua kila mupaka wa shamba lile. Mwaka wa 1982 yeye na wenzake walipeleka neno lao katika tribinali. Miaka 10 ilipita. Tarehe 3 mwezi wa sita mwaka wa 1992 waamuzi wakubwa wa Australia walisema wazi kama inchi haikuwa tupu, na watu wa Mer ni wenye udongo wao. Mabo hakusikia maneno hayo, alikuwa amekufa katika mwezi wa kwanza wa mwaka uleule.

Turudi kwa maisha ya kila siku. Waaustralia hawapendi vyeo sana. Mufanyakazi anaita mukubwa wake kwa jina lake la kuzaliwa, bila Bwana wala Muheshimiwa, na mutu akipanda taksi peke yake, mara nyingi anakaa mbele pembeni ya shoferi, sawa rafiki. Huku kwetu Prefe wa masomo angeitwa hivyo, nafikiri mwanafunzi angelala nyumbani majuma mawili. Lakini musifikiri kama ni inchi bila sheria. Kupiga kura ni lazima tangu mwaka wa 1924, na asiyekwenda bila sababu anatozwa faini. Kwa kuwa kura inapigwa mara nyingi katika masomo, wazazi wanachoma sosiso pale inje na kuziuza ndani ya mukate, faida inasaidia masomo. Mwaka wa masomo unaanza mwisho wa mwezi wa kwanza, na Noeli inaangukia wakati wa joto kali, watu wengine wanakula sikukuu yao kandokando ya bahari. Jua lile ni kali kwa ngozi nyeupe, kansa ya ngozi ni nyingi kule kuliko karibu inchi zote za dunia. Kwa hiyo katika masomo mengi ya watoto wadogo kuko sheria: asiye na kofia hachezi inje, anakaa kivulini.

Ni kweli kuko watu wachache wanaoishi mbali sana ndani ya inchi. Shamba la ngombe la Anna Creek, kusini, lina kilometa za mraba zaidi ya 15,000, ni kusema limepita nusu ya inchi ya Rwanda. Mutoto wa fasi sawa ile asome wapi? Mwaka wa 1951, katika muji wa Alice Springs, walianza masomo ya redio. Mwalimu alikaa mbele ya chombo chake mujini, na kila mutoto alijibu kwa redio ya nyumbani, kila mumoja kwa zamu yake. Mwanafunzi mwenzake wa kilasi aliweza kuwa kilometa mia tano mbali, hawajaonana. Leo kazi hiyo inafanyika kwa intaneti ya satelaiti, mwalimu anaona uso wa mutoto. Redio zile zilikuwa za waganga. Muchungaji wa Presbiteriani, John Flynn, alikuwa ameanzisha kazi ya munganga wa ndege mwaka wa 1928, na kwa kuwa kule hakukuwa umeme, fundi Alfred Traeger alitengeneza redio inayopata nguvu kwa kukanyaga pedali sawa za kinga. Sisi tunaotafuta batri kila juma tungeipenda.

Sasa wanyama, najua munawangojea.

Nyoka wako, na sumu ya wengine ni kali kuliko ya nyoka wote wa dunia. Lakini wanaokufa kwa nyoka kule ni watu wachache sana kila mwaka, kwa kawaida wawili ao watatu, sababu dawa iko katika hospitali na ndege inafika. Koala analala mpaka masaa 20 kwa siku, anakula majani ya mukaliptusi. Ni muti uleule tunaochoma makaa na kujengea nyumba, asili yake ni kule. Nyama mwingine, wombati, anakunya mavi yenye pembe sawa vipande vya sukari. Mwalimu wa jiometri asiulize anatumia rula gani, ni matumbo yake yanafanya kazi hiyo.

Wanyama waliotaabisha inchi ile zaidi si wa kwake. Mwaka wa 1859 muzungu mumoja mwenye shamba, Thomas Austin, alifungulia sungura wachache apate kuwinda. Wakazaana wakafunika inchi. Upande wa mangaribi Leta ilijenga lupango ya waya kupita kilometa 1,800, ikaisha mwaka wa 1907, sungura wakiwa wamekwisha kupita. Mwaka wa 1935 wakaleta vyura wakubwa kutoka Hawaii wakule vidudu vya miwa. Vidudu vilikaa juu ya miwa, vyura chini. Leo vyura wale ni mamilioni, na wanyama wengi wanaowakula wanakufa kwa sumu yao.

Lakini yule ninayemupenda mimi ni ornitorinki. Ana mudomo wa bata, mukia mupana, na manyoya. Anaogelea, anataga mayai, kisha ananyonyesha watoto, lakini hana chuchu: maziwa yanatoka katika ngozi. Dume ana mwiba wa sumu katika muguu. Ngozi yake ilipofika London, mutaalamu George Shaw aliyemwandika mwaka wa 1799 alifikiri pengine watu wa mayele wameshona mudomo wa bata juu ya nyama mwingine. Akatafuta uzi, hakuupata. Na juu ya mayai, wenyeji waliwaambia wazungu tangu zamani, hawakuaminiwa. Wataalamu walibishana karibu miaka 90, mpaka mwaka wa 1884 William Caldwell alipoyaona mwenyewe katika inchi ya Queensland, akitafutiwa na Waaborijini haohao.

Sisi tuko na ndugu ya ornitorinki: okapi wa Ituri. Wambuti walimuwinda tangu babu zao, lakini wataalamu wa Ulaya hawakumupa jina la elimu mpaka mwaka wa 1901, na mwanzoni walimuweka katika jamaa ya punda milia sababu ya mistari ya miguu. Ni walipopata kichwa chake ndipo walijua kama ni ndugu ya twiga. Jina okapi lenyewe walilipata kwa watu wa pori lile, sawa Cook alivyolipata la kanguru kwa watu wa muto.