Kapu la Sadaka Halitoshi

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kulisikia tangazo hili. Ibada imemalizika, au imamu ametoa salamu, na kabla watu hawajatawanyika mzee mmoja anasimama: mwenzetu amelazwa, anatakiwa kupasuliwa, na nyumbani hakuna kitu. Kapu linapitishwa. Muuza maandazi anatoa shilingi mia tano, karani anatoa elfu tano, na jioni wazee wanapeleka hospitali kilichopatikana.

Hilo ni jambo jema, wala lisikome. Lakini tujiulize: akiugua mwingine juma lijalo, kapu litastahimili? Na yule asiyejulikana na jumuiya yoyote, nani atamsimamia?

MWENYE MSHAHARA NA KIBARUA

Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, mtumishi wa serikali huchangiwa asilimia 6 ya mshahara wake, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Mchango huo humfaa yeye, mwenzi wake na wategemezi wao. Mchukuzi wa mizigo sokoni hana mshahara wa kukatwa. Wananchi walipoanza kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, misamaha iliwekwa kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa wajawazito. Yeye ni mtu mzima mwenye nguvu. Lakini siku akilala kitandani, nyumba nzima inalala njaa.

Kwa ajili ya watu wa namna hiyo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Muswada wake, uliofikishwa bungeni mwaka 2022, ulikwama kwanza kwa swali moja: nani atawalipia wasio na uwezo? Sheria ikataja vyanzo vya fedha, miongoni mwake ushuru wa vinywaji na kodi ya michezo ya kubahatisha. Hata hivyo, sheria kuandikwa ni jambo moja, na kibarua kushika kadi mkononi ni jambo jingine. Hapo ndipo sauti ya waumini inapohitajika.

WANA HAKI YA KUSEMA

Madhehebu ya dini si wageni katika kazi hii. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikachukuliwa na serikali mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa chini ya Kanisa kwa makubaliano. Misikiti nayo ina zahanati zake. Anayemwuguza maskini anajua shida yake, naye ana haki ya kuisema.

Aanzie wapi? Aanzie kwenye daftari la michango. Bila kutaja jina la mgonjwa yeyote, jumuiya ihesabu ni wangapi waliosaidiwa kwa mwaka, kwa maradhi gani, na kwa fedha kiasi gani. Hesabu hiyo isomwe katika mkutano wa mtaa, afikishiwe diwani, kisha apelekewe mbunge kabla ya kikao cha bajeti, kinachoanza mwezi Aprili. Kamati za Bunge nazo hupokea maoni ya wananchi kuhusu miswada. Na barua ikitiwa sahihi na sheikh pamoja na mchungaji, nani atasema ni ya upande mmoja?

Kazi hiyo yataka subira. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, mchungaji William Barber alianza mwaka 2013 kuwaongoza waumini na wananchi wengine kwenda kwenye Bunge la jimbo siku za Jumatatu. Miongoni mwa madai yao, walitaka matibabu yanayolipiwa na serikali yawafikie watu wa kipato kidogo walioachwa nje. Mamia walikamatwa. Sheria ilitiwa saini Machi 2023, ikaanza kutumika Desemba mwaka huo. Hawakuwa peke yao katika kudai, lakini kwa miaka kumi hawakunyamaza.

Tahadhari ni moja: mimbari isigeuzwe jukwaa la kumpigia mtu kura. Anayetetewa ni mgonjwa, awe wa dini yetu au asiwe.

Basi, ndugu msomaji, kapu likipita mbele yako leo, toa ulicho nacho. Kisha waulize wazee: daftari liko wapi?