Je, Wajua? Kupamba Nyumba Kunaanzia Uani

Je, wajua kwamba nyumba ya zamani ya Kariakoo, Dar es Salaam, ile ya vyumba sita, ilishajibu swali ambalo leo watu huwalipa wabunifu wa bustani wawajibie: nje ya nyumba ipatane vipi na ndani? Simama kwenye mlango wa mbele. Baraza iko nyuma yako, korido iko mbele, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa korido kuna mlango mwingine wa kutokea uani. Milango yote miwili ikiwa wazi, upepo hupita moja kwa moja, na macho nayo hupita. Ndiyo maana mlango wa nyuma hutundikwa pazia: linazuia macho, linaruhusu upepo.

Uani ndiko kwenye jiko, stoo, choo, bomba na kamba ya kuanikia nguo, na mara nyingi mwembe, mpapai au muarobaini. Hapo ndipo mchele unapochambuliwa, nywele zinaposukwa na wapangaji wanapopeana habari. Ni chumba kisicho na paa, na hufagiliwa asubuhi kama korido inavyofagiliwa. Kwa hiyo mti wa uani haukupandwa uwe pambo la kutazamwa kwa mbali. Ulipandwa kwa sababu kuna mtu atakayeketi chini yake saa nane mchana. Naamini hicho ndicho kipimo cha kwanza cha bustani yoyote ya Dar es Salaam, hata ya nyumba iliyojengwa mwaka huu: kivuli kinaangukia wapi, na nani atakitumia?

Je, wajua kwamba katika nyumba nyingi za Pwani, chumba cha kulala ndicho kilichoamua maua gani yapandwe? Asumini hupandwa karibu na nyumba ili vitumba vyake vichumwe jioni, vifunguke usiku. Vingine hutungwa, vingine hutawanywa kitandani, vingine hufungwa pamoja na mrihani kuwa kikuba cha kuvaliwa na mwanamke. Magazeti ya mapambo husema sana juu ya rangi ya ukuta na rangi ya ua, lakini watu wa Pwani walilinganisha nje na ndani kwa harufu. Jambo hilo linastahili kurudishwa kwenye nyumba za kisasa.

Wafalme nao walijua kuunganisha nje na ndani. Kule Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, kuna bwawa la pembe nane lililojengwa ndani ya ua wa jumba lenyewe. Maji na anga vilikuwa sehemu ya makazi.

Je, wajua kwamba mimea miwili kati ya ile inayopamba sebule na ofisi za Ulaya na Marekani asili yake ni huku kwetu? Wa kwanza ni Zamioculcas zamiifolia, unaojulikana kwa kifupi kama ZZ, wenye majani manene yanayong'aa na mashina yaliyosimama wima. Huota porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwamo. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, hivyo huvumilia kiangazi na hata mwenye nyumba msahaulifu. Wataalamu wa Ulaya waliuandika tangu mwaka 1829, lakini ulianza kuuzwa kwa wingi baada ya vitalu vya Uholanzi kuuingiza sokoni mwaka 1996. Wa pili ni ule wa maua ya zambarau wa misitu ya Tanga na Usambara, uliopewa jina la Saintpaulia kutokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyeukuta mwaka 1892. Ni mmea wa kivulini na wa unyevunyevu. Inauma kuona nyumba ya Dar imejaa maua ya plastiki ilhali nchi yenyewe imeipa dunia mimea hii.

Soko Kuu la Kariakoo, alilolibuni Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, lina somo lake pia. Nguzo zake za zege zinapanuka juu kama miavuli iliyopinduliwa, zikitoa kivuli na papo hapo zikikusanya maji ya mvua kuyapeleka kwenye matangi chini ya ardhi. Linganisha na nyua tunazozifunika zote kwa pevingi, ukuta hadi ukuta. Masika yakifika, maji yanakosa udongo wa kuyanywa, yanakimbilia mtaani na kushuka bonde la Msimbazi, Jangwani.

Na kwa aliyehamia ghorofani, mahali nyumba ya vyumba sita ilipokuwa? Uani wake ni roshani. Sebule yenye kuta nyeupe, vigae vya kijivu na makochi ya mistari iliyonyooka inapatana na ZZ ndani ya chungu cha rangi moja. Sebule ya makochi ya mninga kutoka Keko na mapazia ya maua inahitaji kijani laini kinachotambaa. Kata kipande cha kitambaa cha pazia uende nacho kitaluni, ukilinganishe na majani kwenye mwanga wa mchana.

Halafu tazama jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Roshani inayotazama kaskazini itafaa asumini. Inayotazama kusini ina kivuli karibu miezi hiyo yote, na hapo ZZ itakaa bila shida.